Mgeni njoo mwenyeji apone, sasa hizi safari za misheni za wiki mbili zinamponya nani?

Jumapili mbili zilizopita hapa usharikani kwetu Tanga lilitolewa tangazo ambalo limetugawa mpaka leo. Vijana tisa wa kwaya wanaomba michango waende Kenya, upande wa Kwale, wiki mbili, misheni ya kujitolea, yaani wafundishe watoto, waimbe, wapake rangi jengo la kanisa na wapite nyumba kwa nyumba kushuhudia. Bajeti milioni 3 na laki 8, tisheti zikiwemo. Akina mama wakapiga vigelegele, wengine wakanyamaza, mzee mmoja wa kanisa akasimama akauliza swali moja tu, hivi hao wa Kwale wamewaita? Akajibiwa kwamba Bwana ndiye anayeita. Mzee akakaa chini, ila uso wake ulikuwa haujaridhika na mimi pia sikuridhika.

Naandika haya kwa sababu nimekaa upande wa pili wa hii kitu miaka mingi, mi ndo mkalimani. Timu ikija kutoka Marekani au Ujerumani, siku kumi, siku kumi na nne, mimi ndiye nasimama katikati, nawapokea stendi pale Kange, nawatafsiria mahubiri, nawatafsiria sokoni Ngamiani, nawatafsiria wakiwa wanalia siku ya kuaga. Kwahiyo nimeona mazuri yake kwa macho yangu na nimeona mabaya yake, na siwezi kusema ni kitu cha kufuta kabisa wala siwezi kusema kila anayepanda gari kwa jina la Yesu apigiwe makofi.

Nianze na ukuta. Kuna jengo tunalotumia kwa shule ya Jumapili, ukuta wake wa upande wa baharini umepakwa rangi mara tatu ndani ya miaka mitano, na timu tatu tofauti, mara bluu, mara njano, mara ile ya tatu wakachora safina ya Nuhu na twiga wanachungulia. Kila mara rangi inatoka. Sababu inajulikana na kila fundi hapa mtaani, unyevu unapanda kutoka chini na chumvi inakula plasta, inatakiwa ubanduliwe wote uanze upya. Lakini kubandua plasta ni kazi ya vumbi na fundi na mifuko ya saruji, haina picha nzuri, na mgeni wa siku kumi anachojua kushika ni brashi. Fundi rangi wetu, baba wa watoto wanne, alikuwa anakaa kwenye benchi nje anawaangalia wanavyodondosha rangi sakafuni. Aliniuliza, mwalimu, hawa nauli zao zingetosha kunilipa mimi miaka mingapi? Sikumtafsiria mgeni swali lile. Mpaka leo linanisumbua kwamba sikutafsiri.

Na hiyo hesabu ya fundi sio wivu, imewahi kufanywa na msomi tena Mkristo. Honduras baada ya kimbunga Mitch mwaka 1998 timu nyingi za makanisa ya Amerika Kaskazini zilienda kujenga nyumba za watu waliopoteza kila kitu, na mwanasosholojia Kurt Ver Beek akafuatilia baadaye. Nyumba moja iliyojengwa na wageni, ukiweka na tiketi za ndege, ilifika kama dola 30,000, wakati mafundi wa pale pale chini ya shirika la pale pale walikuwa wanaijenga kwa kama dola 2,000. Gawanya mwenyewe, ni nyumba 15. Alafu familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na wenzao, maisha yao hayakuonyesha tofauti. Mimi nilivyolisoma hilo nilikumbuka benchi la yule fundi.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye ripoti yoyote. Mgeni akija akina mama wanaamka saa kumi usiku, maji ya kunywa yachemshwe, kuku wachinjwe, magodoro yaazimwe kwa majirani. Mchungaji anaacha ziara za wagonjwa wiki mbili nzima anazunguka na timu. Mweka hazina wetu aliwahi kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka fulani tulitumia kwa wageni zaidi ya walichotuachia, na asingeweza kusema hadharani kwa sababu kwetu mgeni hapigiwi hesabu. Ni kweli hapigiwi, ila hesabu ipo.

Na la watoto ndo linaniuma kuliko yote. Timu karibu zote zinapenda kutembelea vituo vya yatima, wabebe watoto, wapige picha, wagawe pipi. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye vituo vya yatima duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mzazi yupo, tatizo ni umaskini. Sasa kituo kinachopata wageni wenye hela kila mwezi kinahitaji watoto wawepo, na bibi kule kijijini angesaidiwa kidogo tu angekaa na mjukuu wake. Alafu fikiria mtoto wa miaka mitatu anakumbatiwa na mtu mpya kila wiki mbili, akianza kumzoea anaondoka. Nimeona mtoto ambaye kila anayeingia getini anamkimbilia amshike mguu, wageni wanasema ana upendo jamani. Mama yeyote atakwambia mtoto aliyelelewa na watu wake hamkimbilii mtu asiyemjua, anajificha kwanza nyuma ya khanga.

Basi ningekuwa nimeona hayo tu ningesema vijana wetu wakae nyumbani. Lakini sio hayo tu.

Kuna daktari wa meno, Mjerumani, mtu mzima, alikuja mara nne, kila mara wiki moja tu, zahanati ile ile, kwa tabibu wa meno yule yule, dada wa hapa hapa. Mwaka wa kwanza daktari ndiye aliyefanya kazi na dada akamshikia taa. Mwaka wa pili walifanya wote. Mwaka wa tatu dada alifanya na daktari akakaa kwenye kiti akiangalia, nilikuwepo, natafsiri, na kuna saa nzima sikuwa na kitu cha kutafsiri kwa sababu walikuwa wanaelewana kwa mikono. Mwaka wa nne akaja na mke wake kusalimia, kazi hakuigusa. Leo yule dada anahudumia watu wanaotoka mpaka Muheza na Pangani. Ukijumlisha zote ni wiki nne, kwahiyo anayesema muda mfupi haufai kitu simkubalii. Yeye alirudi kwa mtu yule yule, na alikuja na kazi anayoijua, na kabla ya kuja alishughulikia usajili wa muda kwenye Baraza la Madaktari, hakuja na viza ya utalii akaanza kung'oa watu meno, maana wapo wanaofanya hivyo wakidhani kujitolea hakuhitaji kibali. Kunahitaji. Kazi ya bure nayo ni kazi mbele ya sheria.

Mwingine simsahau. Binti wa chuo kutoka Marekani, miaka ishirini hivi, timu yake ilikuja kuendesha semina ya watoto. Siku ya tatu jirani yetu mmoja akafiwa na mwanae, familia ya Kiislamu, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Kiongozi wa timu akasema ratiba iendelee. Yule binti akaniuliza, nyie mngefanyaje? Nikamwambia sisi tungeenda kukaa msibani. Akajifunga khanga mbili alizoazima kwa mama mchungaji, akaenda akakaa mkekani na akina mama kuanzia saa nne mpaka jua linazama, hajui neno zaidi ya pole, hakuhubiri, hakupiga picha, waliposimama kuosha vyombo naye akaosha. Semina ya watoto sikumbuki hata ilikuwa na somo gani. Lakini bi mkubwa wa nyumba ile, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani na hatakanyaga, mpaka leo akiniona ananiuliza, yule mwanangu mzungu hajambo? Hiyo mimi naiita misheni, na haikuwa kwenye bajeti.

Wanaopinga safari fupi wanapenda kuleta wale wamisionari wa zamani, na hoja yao ina uzito. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, miezi michache tu akamzika mke na mtoto, bado akabaki akaandika kamusi ya lugha yetu iliyokuja kuchapishwa 1882 yeye ameshafariki. Mwenzake Rebmann alikaa Rabai tangu 1846 mpaka 1875 ndo anarudi kwao, macho yamekaribia kufa. Ukienda Bagamoyo kwenye makaburi ya mapadri waliofika 1868 unasoma umri wao unashtuka, ni vijana, malaria iliwamaliza. Hao hawakuja na tiketi ya kurudi mfukoni. Ila tusiwatumie kumpiga kijana wa leo, kwanza nao walikuwa na makosa yao, na pili Biblia yenyewe haisemi lazima ukae miaka. Paulo kule Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu, lakini Thesalonike tunasoma alihojiana nao sabato tatu. Hiyo ni safari fupi jamani. Tofauti ni kwamba hakuwaacha, alimtuma Timotheo awarudie, akawaandikia barua, mpaka leo tunazisoma. Na kabla ya kuvuka kwenda Makedonia aliona maono ya mtu wa Makedonia amesimama anamsihi, vuka uje utusaidie. Bwana alimwita ndio, lakini alimwita kwa sauti ya mwenyeji. Yule mzee wetu wa kanisa alikuwa anauliza hilo hilo na hakueleweka.

Sasa nirudi kwa vijana wetu, manake kwao kuna vitu viwili ambavyo wazungu hawana. Gharama yao ni ndogo, barabara ya kwenda mpakani Horohoro ni kama kilomita 65, ukivuka tu Lungalunga umeshaingia kaunti ya Kwale, hakuna ndege. Na lugha wanayo, tena wawili kati yao bibi zao ni Wadigo wa Mkinga, ndugu zao wako upande ule wa mpaka, mkalimani wa nini. Kwa upande huo wana nafasi ya kufanya kitu ambacho timu ya kutoka mbali haiwezi.

Lakini ratiba yao nimeisoma na naona ni ile ile ya wageni wetu, wameinakili kama ilivyo, ukuta upo, semina ya watoto ipo, tisheti zipo, hata siku ya matembezi ya ufukweni ipo, Diani. Wamejifunza misheni kwa kuwaangalia wageni na sisi wazazi wao tuliokuwa tunapika hatukuwahi kuwaambia tulikuwa tunaona nini. Hilo kosa ni letu. Na hiyo ya nyumba kwa nyumba ndo inanitia hofu zaidi, Kwale wengi ni Waislamu kama ilivyo mitaa yetu mingi hapa, sasa kijana wa kutoka Tanga agonge mlango wa mtu aseme maneno makali, siku ya kumi na nne apande gari arudi, anayebaki na yule jirani ni mchungaji wa pale. Yeye ndiye atakayekutana naye kisimani, dukani, msibani. Kama mchungaji anasema njooni mshuhudie nami, sawa, anajua mtaa wake. Kama hajasema, tunamwazima ugomvi tusioulipa sisi.

Wapo wanaosema hata kama wa Kwale hawatapata kitu kikubwa, vijana wenyewe watabadilika. Naamini hilo, nimewaona wageni wengi wakibadilika, na sio kitu kidogo kijana wa kuzunguka na bodaboda Makorora akajua kanisa ni kubwa kuliko mtaa wake. Ila basi tuseme ukweli kwenye tangazo, tuseme tunachangia vijana wetu wakajifunze, maana mtu anayetoa elfu tano yake ya kuuza samaki akidhani anasaidia maskini wa Kwale ana haki ya kujua inaenda wapi.

Nilimwambia haya kiongozi wa vijana, hakukasirika, tukakubaliana ampigie mchungaji wa kule amuulize bila kumtajia ratiba, nyie mngependa tuje tufanye nini. Jibu lilikuja juzi Alhamisi kwa ujumbe wa sauti, tuliusikiliza wote kwenye ofisi ya usharika. Mchungaji amesema ukuta wao hauna shida. Anaomba mwalimu wa kwaya akae nao mwezi mmoja, na fundi wa cherehani, kwa sababu akina mama wana cherehani nne zilizoharibika na aliyekuwa anazitengeneza amehama. Wengine akasema waje tu Desemba kama ndugu, wale Krismasi pamoja, wasibebe kitu.

Vijana watatu wameshajitoa kwenye safari. Mwalimu wa kwaya anaomba ruhusa kazini kwake. Fundi cherehani hatujampata bado, tunaye mama mmoja wa Mabawa anayeijua hiyo kazi ila ana mtoto mchanga, akina mama wanajadiliana nani atamsaidia kulea akikubali kwenda naye.

Mimi nimetoa elfu hamsini, nimeandika kwenye bahasha: cherehani.