Nchi kwenye foleni: tunapima nini tunapopima maendeleo?

Aprili 2014 Nigeria ililala ikiwa ya pili kiuchumi barani Afrika, ikaamka ya kwanza. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Watakwimu wake walikuwa wamehamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake ndizo msingi wa hesabu, kutoka 1990 hadi 2010 na kuzihesabu ipasavyo simu za mkononi, filamu na shughuli nyingine ambazo hesabu ya zamani ilizipita kando. Pato la Taifa likaongezeka kwa asilimia 89, na Afrika Kusini ikaachwa nyuma. Ghana ilikwisha kufanya zoezi kama hilo mwaka 2010, na ongezeko la takriban asilimia 60 likaipandisha kwenye kundi la nchi za kipato cha kati.

Wasioamini takwimu huipenda sana mifano hii: mnaona, yote ni kiini macho! Mimi naisoma kinyume. Biashara zile zilikuwepo siku zote. Chenye kasoro kilikuwa kipimo cha zamani, na aliyepima upya amepunguza kosa. Hoja yao ina uzito mahali pengine. Kama hesabu ya jana ilipungua kiasi hicho, basi chambuzi zote zilizoilinganisha Nigeria na nchi nyingine kwa miaka mingi zilikuwa zimesimama juu ya mchanga.

Hata likihesabiwa kwa uangalifu, Pato la Taifa linajibu swali moja tu: ni bidhaa na huduma za thamani gani zimezalishwa ndani ya mipaka. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza hesabu za kwanza za pato la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa haupimiki kwa kutazama pato lake. Onyo hilo lilisikika nusu nusu. Mwaka 2016 Ireland ilitangaza kwamba uchumi wake ulikua kwa zaidi ya robo ndani ya mwaka 2015, hasa kwa sababu kampuni kubwa za kimataifa zilihamishia huko umiliki wa mali zao kwenye vitabu vya hesabu. Mfanyakazi wa kawaida hakuona mshahara wake ukikua kwa kiwango hicho. Baadaye nchi hiyo ilibuni kipimo chake yenyewe, kinachoondoa sehemu ya uvimbe huo.

Jibu linalojulikana zaidi ni Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1990 na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa chini ya Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan. Inaunganisha umri wa kuishi, elimu na pato la kila mtu kuwa namba moja kati ya 0 na 1. Amartya Sen, mchumi wa India na rafiki yake, mwanzoni hakuipenda: maisha ya watu yanawezaje kubanwa ndani ya namba moja? Ul Haq alimshawishi kwamba Pato la Taifa haliangushwi na majedwali mengi yasiyosomwa na mtu. Linahitaji mshindani wa namba moja, hata kama naye ni wa juu juu.

Nadhani ul Haq alikuwa sahihi kisiasa, na Sen sahihi kitaalamu. Kuchanganya vitu vitatu ni kuvipangia bei bila kusema. Martin Ravallion, aliyefanya kazi miaka mingi Benki ya Dunia, alionyesha kwamba kanuni ya fahirisi hiyo iliyoanza kutumika mwaka 2010 inaupa mwaka mmoja wa ziada wa uhai thamani ndogo mno katika nchi maskini ukilinganisha na nchi tajiri. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Limetokana na hesabu yenyewe. Lakini hoja hiyo isitupeleke kwenye kukataa kulinganisha kabisa. Serikali inayosema nchi yake "haiwezi kulinganishwa na yoyote" mara nyingi ina jambo la kuficha, na mzazi ambaye nchi yake inapoteza watoto wengi kuliko jirani mwenye kipato kilekile ana haki ya kujua.

Ninachokikataa ni foleni, yaani kuzipanga nchi kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho. Nchi ikijua itahukumiwa kwa nafasi yake, itaishughulikia nafasi. Benki ya Dunia iliifunga ripoti yake ya wepesi wa kufanya biashara mwaka 2021, baada ya kubainika kwamba data za baadhi ya nchi, China ikiwemo, zilichezewa.

Kwenye majedwali ya Umoja wa Mataifa kuna safu ambayo vichwa vya habari huiruka: nafasi ya nchi kwa pato, toa nafasi yake kwa fahirisi. Hapo ndipo ningeanzia kusoma. Guinea ya Ikweta, yenye fedha za mafuta tangu miaka ya 1990, imekuwa na alama kubwa ya hasi, maana fedha hazikugeuka kuwa shule na uhai kwa kiwango kilichotarajiwa. Sri Lanka kwa miongo mingi ilisifiwa kwa kinyume chake: watu wake waliishi na kusoma kuliko kipato chao kilivyoashiria. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli. Mwaka 2022 Sri Lanka hiyohiyo ilishindwa kulipa madeni yake ya nje, foleni za mafuta zikajaa barabarani, na rais akakimbia nchi. Deni halimo kwenye fahirisi.