Sonics waliporwa au waliuzwa? Kesi ya Oklahoma nikiisikilizia Tabora

Tangu Oklahoma City Thunder wabebe ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, 2025 kuna ubishi hauishi hapa kijiweni kwetu Tabora, na mimi nimechoka kubishana kwa mdomo huku kahawa inapoa, ngoja niandike tu. Kuna kundi linasema lile taji halina baraka, timu yenyewe iliporwa Seattle. Kundi lingine linasema acheni unafiki, timu ni mali, mwenye mali kauza, aliyenunua kaipeleka kwao, kuna kosa gani hapo. Mi nina upande wangu kwenye hii kesi ila nikiri mapema kwamba mikono yangu sio misafi sana, nitaeleza mbele kwa nini.

Kwa wasiofuatilia kikapu, hadithi yenyewe iko hivi. Seattle SuperSonics ilianza 1967 na ikakaa Seattle misimu 41. Mwaka 1978 walifika fainali wakafungwa na Washington Bullets kwenye mechi ya saba, mwaka uliofuata wakakutana nao hao hao wakawapiga 4-1 wakachukua ubingwa, kocha Lenny Wilkens. Alafu ikaja ile ya kina Gary Payton na Shawn Kemp, 1996 wakashinda mechi 64 za msimu, bahati mbaya ndo mwaka ambao Chicago ya Michael Jordan imeshinda 72, fainali wakatolewa 4-2. Kwa hiyo hii haikuwa timu ya uchochoroni, ilikuwa timu yenye wenyewe, watu walizaliwa wakaikuta wakazeeka nayo.

Shida ilikuwa uwanja. Howard Schultz, yule tajiri wa kahawa wa Starbucks, aliinunua 2001 akawa analia kwamba KeyArena ni ndogo na mkataba wake unamnyonya, akataka serikali itoe hela ya kuutengeneza, serikali ikagoma, naye 2006 akauza kwa dola milioni 350 kwa kundi la matajiri wa Oklahoma wakiongozwa na Clay Bennett. Mwaka huo huo wananchi wa Seattle wakapiga kura kwamba hakuna hela ya jiji kwenda kwenye uwanja wa timu za kulipwa mpaka jiji nalo lipate faida ya maana, na ilipita kwa kishindo, zaidi ya asilimia 70. Bennett nae akaja na hesabu ya uwanja wa dola milioni 500 kule Renton, nje kidogo ya Seattle, bunge la jimbo likamwambia hapana.

Hapa ndo watu wa kundi la pili wanapopigilia msumari. Jamaa yangu mmoja fundi wa pikipiki ananiambia kila siku, "Kaka, watu waliulizwa wanaitaka timu kwa gharama hiyo wakasema hawaitaki, leo wanalia nini?" Na kweli, wakati Seattle wanasema hapana, Oklahoma City walikuwa wanasema ndiyo. Uwanja wao walishaujenga kwa kodi ya wananchi, ulifunguliwa 2002 wakati hawana hata timu ya NBA ya kuchezea pale, yaani umejenga banda ng'ombe huna. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans 2005 timu ya Hornets ikahamia kwa muda Oklahoma City misimu miwili, watu wakajaa uwanjani mpaka NBA wenyewe wakashangaa. Machi 2008 wakapiga kura tena, senti moja juu ya kila dola ya manunuzi iende kuutengeneza uwanja, ikapita. Hao sio wezi, hao ni watu walioitaka timu wakailipia.

Sawa. Mpaka hapo mi nakubali, na naongeza kwamba Seattle hawakukosea kukataa. Kukataa kumjengea bilionea uwanja kwa hela ya kodi sio dhambi, tena ukiniuliza ndo akili. Angalia Oklahoma City wenyewe, Desemba 2023 wamepiga kura kujenga uwanja mwingine mpya wa angalau dola milioni 900, wamiliki wa timu wanachangia milioni 50. Hamsini! Zingine zote zinatoka kwa mama anayenunua sabuni dukani. Nikimwambia fundi hii anacheka anasema ndo bei ya kuwa na timu. Inawezekana. Ila basi tusijifanye kwamba aliyekataa bei hiyo alikuwa haipendi timu yake, hayo ni mambo mawili tofauti.

Kinachonikera mimi sio mauzo, ni ile ahadi. Kwenye mkataba wa 2006 wanunuzi waliahidi kwamba watahangaika kwa nia njema, mwaka mzima, kupata uwanja ili timu ibaki Seattle. Agosti 2007 mmoja wao, Aubrey McClendon, akaropoka kwenye gazeti la huko kwao kwamba hawakuinunua timu ili ibaki Seattle, nia ilikuwa kuileta Oklahoma. NBA wakampiga faini ya dola laki mbili na nusu. Na mtu mwenye utajiri wa mafuta na gesi laki mbili na nusu ni nini, ni kama mimi kutozwa jero. Sasa niambie, mtu anakuja kukuposea dada yako anasema atakaa naye hapa hapa Tabora karibu na wazazi, kumbe tiketi ya treni ishakatwa iko mfukoni. Hapo kundi la kwanza wana hoja, na hakuna kura ya kodi inayoifuta.

Jiji likaenda mahakamani kuwalazimisha wamalizie mkataba wa uwanja mpaka 2010. Wamiliki wa timu za NBA walishapiga kura Aprili 2008 kuruhusu kuhama, 28 kwa 2, waliokataa ni Dallas na Portland tu. Tarehe 2 Julai, siku yenyewe jaji alitakiwa asome hukumu, wakamalizana nje, Bennett akalipa dola milioni 45 akaondoka. Jina la Sonics, rangi ya kijani na njano, vikabaki Seattle. Watu, mikataba na kiti kwenye ligi vikaenda Oklahoma, ndo ikazaliwa Thunder. Kombe la 1979 liko makumbusho huko Seattle. Yaani waligawana kama ndugu waliofarakana, mmoja kachukua shamba mwingine kachukua kaburi la babu.

Alafu kuna jambo watu wanalisahau, timu ya wanawake, Storm, nayo ilikuwa kwenye ule ule ununuzi. Ila mwanzoni mwa 2008 wanawake wa hapo hapo Seattle wakajichanga wakainunua kwa dola milioni 10 na ikabaki, imeshachukua ubingwa 2010, 2018 na 2020. Kwa hiyo mwenye kutaka kuibakiza aliibakiza. Ukitaka kumlaumu mtu wa Seattle basi anza na Schultz, ndo alikuwa na uwezo wa kuchagua amuuzie nani.

Tuje Oklahoma sasa. Hawa wanaosema taji la 2025 ni la kuporwa wanakosea hesabu. Urithi wa Seattle ulikuwa Kevin Durant, aliyechaguliwa 2007, na Russell Westbrook, alichaguliwa siku chache tu kabla ya kuhama, na Serge Ibaka wa Congo Brazzaville, drafti hiyo hiyo. (Drafti hapa ni ule utaratibu wa timu kuchagua vijana kwa zamu, sio ile ya vizibo vya soda.) Akaongezeka James Harden 2009, na hapo kuna kitu kinaniuma kama Mtanzania, maana kabla yake tu, namba mbili, Memphis walimchukua Hasheem Thabeet wetu. Namba mbili, mbele ya Harden namba tatu na Stephen Curry namba saba! Hasheem alikuja kutua Thunder 2012, miezi michache Harden akauzwa Houston. Nilikuwa nakesha na bando la usiku kumsubiri aingie dakika mbili. Anyway.

Kizazi hicho kilifika fainali 2012 kikapigwa 4-1 na Miami, 2016 kikaongoza 3-1 dhidi ya Golden State kikafungwa mara tatu mfululizo, Durant akaondoka akawafuata waliomfunga. 2019 Paul George na Westbrook wakauzwa kiangazi kimoja. Wachezaji wa urithi wakaisha, sufuri. Kilichochukua ubingwa ni mavuno ya biashara ya George: Clippers walimtoa kijana wa Kanada Shai Gilgeous-Alexander pamoja na rundo la haki za drafti, mojawapo ikamleta Jalen Williams. Kwanza waliteseka, Desemba 2021 walifungwa na Memphis 152-79, pointi 73, hakuna timu imewahi kufungwa hivyo kwenye NBA. Watu wa Oklahoma waliimeza hiyo. Miaka mitatu na nusu baadae wameshinda 68 wamefungwa 14, fainali wakamaliza Indiana mechi ya saba 103-91, kwetu ilikuwa saa tisa usiku kuamkia Jumatatu, nilienda kazini macho mekundu. Ile timu ilijengwa pale, hakuna mchezaji hata mmoja wa Seattle ndani yake.

Sasa ile mikono isiyo misafi. Sisi Tabora tulipata timu ya Ligi Kuu vipi? Ilianzia Kilimanjaro ikiitwa Kitayosce, ikaja huku, 2023 ikapanda na kuwa Tabora United. Mi nilishangilia kama mwendawazimu, Novemba 2024 ilipompiga Yanga 3-1 nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Cheyo naimba. Sijawahi hata siku moja kujiuliza kuna mtu Moshi aliyebaki na skafu ya Kitayosce hajui aifanyie nini. Wala sijawahi kusikia mtu wa hapa akiuliza. Najua mizani sio sawa, ile haikuwa na miaka 41 wala kombe makumbusho, ila furaha yangu na furaha ya yule wa Oklahoma ni ile ile, na usahaulifu wake ndo wangu.

Alafu 2025 ikabadilishwa jina, TRA United, TRA ile ile ya mamlaka ya mapato. Hapo ndo nikaonja kidogo, kijiko cha chai tu, cha wale wa Seattle. Wao walibaki na jina bila timu, mimi jina la mkoa wangu limefutwa kifuani na hakuna aliyenipigia simu. Fundi ananiambia mwenye hela kachagua jina lake, kuna kosa gani, hoja ile ile ya Bennett neno kwa neno, na safari hii nimeshindwa kuijibu haraka.

NBA wanazungumzia kuongeza timu na Seattle ndo inatajwa kila mara, uwanja wa zamani walishaujenga upya, jina liko pale linasubiri. Ikirudi itakuwa na wachezaji ambao hawajui hata Payton alivaa namba ngapi, na nadhani watu watajaa hivyo hivyo. Mi jezi yangu ya Tabora United bado naivaa Jumapili, fundi amenitangazia kwamba nikienda nayo uwanjani msimu huu tiketi yangu halipi yeye.