Filimbi ya Picard bado inaniliza

Nimeiangalia "The Inner Light" mara nyingi mno, na bado Riker, msaidizi wa Nahodha Picard, akiingia na kile kisanduku mkononi, koo linanikaba kabla hajafungua mdomo. Ni episodi ya 25 ya msimu wa 5 wa Star Trek: The Next Generation, iliyorushwa kwa mara ya kwanza Juni 1992. Tamthilia za anga nimeziangalia nyingi, na kwangu hakuna iliyowahi kuifikia hii.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Enterprise, chombo chao cha anga, inakutana na kichombo kidogo kinachoelea angani, kinammulika Nahodha Picard kwa mwali, anaanguka. Akifumbua macho yuko ndani ya nyumba asiyoijua, katika kijiji cha Ressik, sayari ya Kataan. Mwanamke aitwaye Eline anamwambia kuwa yeye ni Kamin, mume wake, na kwamba ametoka kuugua homa kali. Kule Enterprise zinapita kama dakika 25 tu. Lakini kule Ressik Picard anaishi miaka 40 hivi, mpaka anazeeka.

Ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi anavyobadilika polepole. Hakuna siku anayotangaza kwamba sasa amekubali kuwa Kamin. Anauliza maswali ya kinahodha, anazunguka milimani, anaunda darubini, anachora ramani za nyota akitafuta njia ya kurudi kwao. Miaka mitano inakatika hivyo, Eline akivumilia kuishi na mume ambaye macho yake yako juu kila usiku. Kisha siku moja anaomba ruhusa ya kujenga kitu kingine pale nyumbani. Mke anadhani ni yale yale ya nyota. Kumbe anataka kujenga chumba cha mtoto. Ni watu wawili wanaongea tu, kwa sauti ya chini, na mimi hapo ndipo ninapoamini kwamba huyu bwana amefika kwake.

Halafu kuna viatu. Eline anamsema kwa kuviacha ovyo, ule ugomvi mdogo wa kila siku ambao hata hauhesabiki kuwa ugomvi. Unausahau. Baadaye Eline yuko kitandani, pumzi zinamwishia, na kati ya yote ambayo angeweza kumuusia mumewe, anamkumbusha aweke viatu vyake mahali pake. Morgan Gendel na Peter Allan Fields, walioandika mchezo huu, wangeweza kumpa hotuba ndefu ya kuaga. Wakampa viatu! Kila nikifika hapo nasimamisha video kidogo.

Patrick Stewart, anayeigiza Picard, anaibeba yote hii kwa mwili wake: mgongo unaopinda taratibu, sauti inayolegea. Na anayeigiza mwanawe, Batai, ni Daniel Stewart, mtoto wake wa kumzaa.

Wapo wanaolalamika kuhusu sayansi yake. Jua la Kataan linakaribia kulipuka, ukame unazidi, Kamin na binti yake Meribor wanapima udongo na kuona kwamba hakuna namna. Watu hao hawana vyombo vya kuwahamisha, ila wanaweza kutia maisha mazima ya mtu ndani ya mwali mmoja. Ni swali la haki, na episodi hailijibu. Mimi nalisamehe, kwa sababu wakati ule mzee Kamin anapotolewa nje kutazama roketi inayobeba kile kichombo ikirushwa, akawakuta marehemu wake wote wamesimama pale wakiwa vijana tena, akaelewa kwamba anayesubiriwa na roketi ile ni yeye mwenyewe, sina nafasi kichwani ya kuwaza mitambo.

Lawama yangu ni nyingine. Mtu aliyezika mke na kulea watoto anarudi kazini episodi inayofuata kana kwamba alilala mchana. Filimbi aliyojifunza kuipiga kule Ressik inarudi vizuri katika "Lessons", msimu wa 6, lakini alistahili zaidi ya hapo.

Episodi ilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka 1993. Mwaka 2006 filimbi iliyotumika kwenye upigaji picha, ambayo hata haitoi sauti, iliuzwa mnadani kwa dola 48,000. Sishangai hata kidogo.

Maana ile filimbi ndiyo kitu pekee kilichobaki cha Kataan. Ilikutwa ndani ya kile kichombo, miaka elfu moja baada ya jua lao kulipuka. Riker anamkabidhi nahodha kisanduku, anatoka. Picard anakifungua, anaishika filimbi, anaikumbatia kifuani kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Kisha anasogea dirishani penye nyota na kuanza kupiga wimbo wa Ressik, na vidole vyake, ambavyo asubuhi ile vilikuwa havijawahi kugusa filimbi ile, vinajua kila tundu.