Polisi wamkabidhi muathirika kwa watoa huduma moja kwa moja au wamuulize kwanza?

Kila tukizungumza habari za udhalilishaji hapa Zanzibar, yaani ubakaji, vipigo vya majumbani na mfano wake, tunaishia kwenye kesi, nani kafungwa nani kaachiwa, ile sehemu ya baina ya kaunta ya polisi na mlango wa huduma tunaipita tu. Mtu keshafika kituoni, keshaeleza, kapewa RB (namba ya ripoti yake polisi) na PF3 (fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), halafu aende wapi? Wapo wanaotaka polisi walazimike kumkabidhi pale pale, jina na simu yake viende ustawi wa jamii na kwa mshauri nasaha bila kusubiri ridhaa, na wapo wanaosema mtu mzima asipelekwe pahala asipotaka. Nna upande wangu lakini wote hawa wana hoja.

Hii ya kulazimisha nguvu yake kubwa ni muda. Alobakwa dawa za kuzuia VVU anatakiwa azianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora zaidi, sasa huyu ukimwambia nenda kafikirie utatupigia ushampoteza. Hata Uingereza na Wales, ambako mwongozo wa haki za waathirika ulioanza Aprili 2021 una haki 12 na polisi wanatakiwa wakuelekeze kwenye msaada ndani ya siku 2 za kazi, muda huo unamfaa alovunjiwa nyumba, lakini aloripoti Ijumaa jioni siku 2 za kazi zinamalizika Jumanne na saa 72 zimeshapita zamani. Halafu kuna muhali wetu. Leo kaandikisha, kesho asubuhi wazee washakuja barazani, huyu ni mtoto wa ami yako, tuyamalize nyumbani, na kama hajapata mtu wa kusimama nae usiku ule ule basi kesi ishakwisha.

Lakini upande wa pili nao unauma. Visiwa vyetu vidogo, gari ya ofisi ikisimama mbele ya nyumba Konde au Nungwi watu hawahitaji kuambiwa kitu, jua halijatua kila mtu anajua. Na ile simu ilioandikwa kituoni mara nyingine anaishika mume, ambae ndie alompiga, sasa mtoa huduma kwa nia yake nzuri kabisa anapiga saa 2 usiku "tunakupigia kuhusu lile tatizo ulilolireport" na mume ndo anaepokea. Mwanamke kama huyu anaweza kuumizwa kwa kusaidiwa, wallahi hili si jambo dogo. Na wanawake wakishajua kwamba kumwambia askari mmoja ni sawa na kuzitangazia ofisi tano, wengine hawatokwenda kituoni kabisa.

Kwa hiyo mie nnaona hivi: mtoto hakuna kuuliza, apelekwe, Sheria ya Mtoto ya 2011 inataka maslahi yake yatangulie. Mtu mzima spitali apelekwe saa ile ile akikubali matibabu, na kabla hajajibu aelezwe zile saa 72 kwa lugha anayoielewa. Mengine yote aulizwe, ila aulizwe kweli, sio pale kaunta wakati nyuma yake kuna foleni ya watu wamefuata RB za vitambulisho vilivyopotea na masikio yamesimama. Aulizwe kwenye chumba cha Dawati la Jinsia, ile sehemu ya polisi inayoshughulikia kesi hizi, aulizwe simu gani ni salama na saa ngapi, na akisema hapana leo aulizwe tena baada ya wiki maana aliekataa akiwa anatetemeka hajakataa moja kwa moja.

Vituo vya Mkono kwa Mkono, kuanzia kile cha Mnazi Mmoja cha 2011 mpaka Kivunge, Makunduchi, Chake na Wete, viliwekwa kwa sababu hii hii, dakta, polisi na mshauri wawe pahala pamoja. Akifika pale suali letu karibu linakwisha lenyewe, shida ni yule anaeanzia kituo cha polisi cha shamba. Na hapa kuna kitu hakisemwi sana, polisi ni suala la Muungano lakini spitali na ustawi ni vya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa hiyo mtu akipotea njiani kila upande unaweza kusema mie nilimaliza kazi yangu.

(Na kijana alochomwa kisu akaporwa simu Darajani yeye nani anamuuliza kalala vipi? Tukisema muathirika na yeye yumo.)

Mie ningetaka kwenye daftari la kituo iongezwe mistari michache tu, kaulizwa na nani, kajibu nini, kapokewa na nani saa ngapi, na kituo kilichompokea kirudishe jibu kwa mkuu wa polisi wa pale ndani ya siku 1. Na nauli, jamani. Mtu anaetoka shamba anakubali kila kitu mpaka anapoambiwa ajitegemee gari ya kwenda spitali na kurudi, hiyo ilipwe na serikali na fungu lake likae pale pale kituoni, asiambiwe asubiri idhini kutoka mjini.