Kumlipa dizaina wa websaiti: nani yamfaa na nani apoteza pesa

Ukikaa na wafanyabiashara wa town siku hizi haya mazungumzo yatakuja tu, huyu asema bila websaiti biashara haijulikani, yule asema websaiti ni njia ya vijana wa kompyuta kula pesa za watu. Mimi naona wote wanabishana kabla hawajauliza swali la maana: mteja wako anakujua ama hakujui?

Chukua muuza leso wa Biashara Street, hapa Mombasa. Mteja wake yuko nyumbani Kisauni, ataka atumiwe picha ya leso mpya, asome jina lililoandikwa kama lamfaa wifi yake, aulize "bei ya mwisho ngapi" kwa voisi, apunguziwe kidogo, atume pesa na leso ziletwe na boda. WhatsApp ya biashara yafanya hayo yote bure, ina mpaka katalogi. Ajiweke na kwa Google Maps mgeni aone duka liko wapi na lafunguliwa saa ngapi, nayo ni bure. Huyo ukimwambia amlipe dizaina halafu kila mwaka alipie domeini (lile jina la websaiti) na hostingi (pale inapowekwa mtandaoni) wamtwika mzigo tu, heri anunue taa nzuri ya kupigia picha.

Lakini njoo kwa mwenye vyumba vya wageni Mtwapa. Mteja wake yuko Nairobi ama Ujerumani, hajawahi kumwona, na aambiwa atume diposti kabla hajafika. Lazima awe na wasiwasi, maanake matapeli wa nyumba za pwani wako na ukurasa wa Instagram hata mtoto afungua. Hapa websaiti iliyotengenezwa sawasawa, ina jina la .co.ke, bei zaonekana, imeili ya biashara, na malipo ya M-Pesa yanayomtokea mtu kwa simu aweke PIN basi, ndio pesa ya dizaina yarudi. Na mgeni akibuki kwako moja kwa moja, ile komisheni ya Booking.com, mtandao wa kubukia vyumba, mara nyingi kama asilimia 15, yabaki kwako.

Wanaotetea websaiti wana hoja nyingine nzito. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote pamoja kwa muda wa kama masaa 6 hivi, aliyekuwa na duka humo tu alifunga bila kupenda. Hata Google, zile websaiti za bure walizokuwa wakiwapa wenye biashara walizizima Machi 2024. Ni kama nyumba ya kupanga, mwenyewe akitaka watoka.

Ila usidhani ukimlipa dizaina ndio umekuwa mwenye nyumba, na hapa ndipo watu wanalizwa kweli kweli. Kijana asajili domeini kwa imeili yake, wewe wapewa link wafurahi, mwaka waisha domeini yataka kulipiwa, kijana ashaenda Qatar namba haipatikani, na imeili zote za wateja zapitia humo humo. Majina ya .ke yako chini ya KeNIC, shirika linaloyasimamia, na yauzwa na mawakala, kwa hivyo mwambie mapema, "domeini isajiliwe kwa jina langu na imeili yangu, risiti niione, na paswadi zote nikabidhiwe." Akianza kuzungukazunguka tafuta mwingine.

Kuhusu bei, wa bei poa mara nyingi achukua muundo uliokuwa tayari wa WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, abadilishe rangi, na si dhambi hiyo. Dhambi ni kukujazia mapicha makubwa yanayoteleza pale juu, mteja wa bando ndogo angoja mpaka achoke, bei haioni, na namba ya simu imeandikwa ndani ya picha hata haibonyezeki! Kabla ya kumalizia salio ifungue kwa simu ya bei rahisi, kwa bando, ukiwa ndani ya matatu, si kwa waifai ya ofisi yake. Na akufunze kubadilisha bei mwenyewe.

Wa vyumba nao wasingoje Desemba. Wageni wa krismasi waanza kutafuta mapema, na websaiti mpya Google hawaionyeshi juu siku ile ile umeifungua.