Trekta ndogo kwenye shamba la miti: winchi ije kwanza

Mtu anaishi Nairobi, ana ekari tatu za mikaratusi kule Limuru, na anajiuliza: anunue trekta ndogo ya kutolea magogo, au aendelee na vijana wa kamba? Swali hili lilipata uzito baada ya Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, macho ya wanunuzi yakageukia mashamba ya watu.

Anayetaka trekta namwelewa. Gogo bichi la mkaratusi lenye urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 30 lina karibu kilo 300. Nimewaona vijana wanne wakilivuta kwenye udongo mwekundu uliolowa, mmoja akihesabu, wenzake wakiinama mpaka magoti yanagusa matope. Walipumzika mara saba kabla ya kufika barabarani. Migongo inaharibika kwa kazi hii, na gharama hiyo haimo kwenye bei ya mbao. Trekta ya nguvu za farasi 30 hulitoa gogo hilo kwa dakika chache, na kwa wembamba wake haihitaji kukatiwa njia pana.

Lakini trekta hizi ziliundwa kwa ajili ya shamba lililosafishwa, si visiki. Kijiti kimoja kinaweza kutoboa rejeta au kung'oa valvu ya tairi. Kinachonitisha zaidi ni mnyororo wa kuvutia gogo. Ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, na gogo likanasa, magurudumu ya mbele yanainuka na trekta inampindukia dereva kabla mguu haujafika kwenye klachi. Ufungwe chini ya ekseli, daima. Na fremu ya kinga, ile ya chuma inayomlinda dereva trekta ikipinduka, isikunjwe ili kukwepa matawi: ikishakunjwa, dereva hana kinga tena.

Halafu kuna udongo. Sehemu kubwa ya mgandamizo wa udongo chini ya magurudumu hutokea katika safari chache za mwanzo, hasa wakati wa mvua. Mkaratusi huchipua tena kwenye kisiki, kwa hiyo anayezunguka na trekta shamba zima mwezi Aprili anakanyaga mavuno yake yajayo.

Ndiyo maana ningetanguliza winchi, mashine ya kukunja kamba na kuvuta gogo, ile inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta. Trekta husimama njiani, kamba ya chuma ya mita 50 ikaingia ndani kulifuata gogo. Vijana hawakosi kazi: kuna kukata, kufunga, kuelekeza. Wanachoachana nacho ni kuvuta.

Kuhusu ununuzi, ekari tatu ni chache mno. Mikaratusi ya nguzo huchukua miaka 8 hadi 10 kukomaa, na mashine itakaa ikishika kutu. Majirani sita wakichanga, hesabu inabadilika. Aliye peke yake akodi kwa siku mbili za Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu, na kabla ya kulipa amuulize dereva anafunga wapi mnyororo.