Mnara Upo, Mtu Hayupo: Redio ya AM ya Mji Mdogo wa Marekani na Wanaotaka Kuiokoa

Mwezi Novemba 1941, katika mji wa Helena, jimbo la Arkansas, ukingoni mwa mto Mississippi, stesheni changa ya AM (masafa ya kati) iitwayo KFFA ilianza kurusha kipindi cha dakika 15 kila siku saa sita na robo mchana. Saa hiyo haikuchaguliwa hivihivi. Ndio wakati vibarua wa mashambani walipokuwa wakipumzika kwa chakula. Wapigaji muziki walikuwa wanabluzi wawili weusi, Sonny Boy Williamson na Robert Lockwood Jr., na aliyelipia alikuwa mfanyabiashara wa vyakula wa jumla aliyetaka kuuza unga wake wa ngano, King Biscuit. Kipindi kikaitwa King Biscuit Time. Unga ulinunuliwa, na baadaye ukaja unga wa mahindi wenye picha ya Sonny Boy kwenye mfuko. Wanamuziki nao waliruhusiwa kutangaza hewani watapiga wapi usiku huo, na huko ndiko walikochuma.

Ninaanzia Helena kwa makusudi. Mjadala wa siku hizi kuhusu redio za AM za miji midogo ya Marekani umejaa majonzi, kana kwamba stesheni hizo zilikuwa mali ya jamii zikaja kuporwa. Hazikuwa. Zilikuwa maduka. Bidhaa iliyouzwa ni masikio ya watu wa mji mmoja, na mnunuzi alikuwa mwenye biashara wa mji huohuo. Mema yote tunayoyakumbuka, kuanzia matangazo ya vifo, bei za nafaka na mechi za shule hadi kile kipindi ambacho mtu anapiga simu kunadi jokofu kuukuu au kuulizia mbwa aliyepotea, yalizaliwa na hesabu hiyo ya biashara. Hesabu ilipovurugika, mema hayo yakaanza kumomonyoka hata pale mnara uliposimama imara.

Maumbile nayo yaliupendelea mji mdogo, ila kwa nusu siku tu. Mawimbi ya AM, ambayo nchini Marekani huanzia kilohezi 540 hadi 1700, mchana hutambaa ardhini na kufika mbali kiasi, huku yale yanayopanda angani yakinyonywa na tabaka la chini la ionosfia, ile sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme. Jua likizama, tabaka hilo hufifia. Mawimbi hupanda hadi tabaka za juu, yakadunda na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka, yakavamia masafa ya watu wengine. Serikali ikalazimika kugawa usiku kama watu wanavyogawana kisima. Stesheni chache kubwa za kilowati 50 zikalindwa. Ndogo nyingi zikapewa kibali cha mchana pekee: jua likizama, leseni nayo inazama. Nyingine zikarundikwa kwenye masafa sita, yaani 1230, 1240, 1340, 1400, 1450 na 1490, zikiwa na wati 250 hapo mwanzo na kilowati moja baadaye. Mafundi wa Marekani huyaita masafa hayo makaburini. Ukiyafungulia usiku husikii stesheni, unasikia umati unaonong'ona.

Sasa fikiria kwamba mechi za mpira wa miguu wa Kimarekani za shule za sekondari, zinazongojwa na mji mzima, huchezwa Ijumaa usiku. Bidhaa bora ya stesheni ilifika sokoni saa ambayo duka limefungwa, au linasikika hadi mwisho wa mtaa tu. Wanaoimba sifa za AM hulipita jambo hili haraka mno.

Hata hivyo zilichipua. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Marekani ilikuwa na stesheni za AM zisizofika 1,000. Kufikia 1950 zilikuwa zimepita 2,000. Leo zenye leseni ni kama 4,400. Anayesikia tarakimu hiyo ya mwisho huuliza, kama zipo nyingi hivyo, kilio ni cha nini? Kilio ni kwamba leseni si stesheni. Mnara unaweza kuwa hewani saa 24 bila binadamu hata mmoja karibu nao.

Tulifikaje hapo? Wengi hunyooshea FM kidole. Ni kweli, FM ina sauti safi, haisumbuliwi na radi wala nyaya za umeme, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeshawanyang'anya AM wasikilizaji wa muziki. Lakini pigo lililoubadilisha mji mdogo kwa undani, kwa maoni yangu, ni dawa iliyoletwa kutibu jeraha hilo. Mwaka 1987 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifuta kanuni iliyozitaka stesheni kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa siasa wa mrengo wa kulia, akaanza kusikika nchi nzima. Vipindi vya mazungumzo ya siasa vikaupa ukanda wa AM uhai mpya. Havikuhitaji sauti safi, vilihitaji mtu mkali na setilaiti.

Hapa watetezi wana hoja nzito. Bila mazungumzo hayo, mamia ya stesheni zingezimwa miaka 30 iliyopita. Mwenye stesheni ndogo aliyekuwa akilipa watangazaji kadhaa sasa aliweza kupokea saa nyingi za vipindi kutoka mbali, akalipia kwa kutoa nafasi za matangazo badala ya fedha taslimu. Nani angekataa? Ila tazama upande wa pili. Ukishajaza mchana wako kwa sauti inayosikika vilevile katika miji 600 mingine, umempa msikilizaji sababu gani ya kukuchagua wewe? Siku simu ya mkononi ilipomletea sauti ileile, ikiwa safi zaidi, stesheni ya mjini haikubakiwa na cha kwake. Tiba iliuokoa ukanda, ikazikausha stesheni zilizo ndani yake.

Kisha zikaja sheria. Sheria ya Mawasiliano ya 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya stesheni ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchini. Kampuni ya Clear Channel ikakua hadi kumiliki takriban 1,200. Mwaka 2017 FCC ikafuta sharti la kila stesheni kuwa na studio yenye watu katika eneo inalolihudumia. Mimi sikulipenda uamuzi huo, lakini sitadai kwamba walioutetea walikuwa wahuni. Sharti lile liliibana stesheni ya wafanyakazi watatu kuliko lilivyoibana kampuni ya stesheni 1,000. Familia inayomiliki redio mbili katika wilaya mbili jirani ililazimika kulipa kodi ya nyumba mbili na watu wa kukaa ndani yake, hata kama wote wangetosha chumba kimoja. Tatizo ni kwamba kanuni iliyofutwa kwa ajili ya familia hiyo ilifutwa pia kwa yule mkubwa anayeweza kuendesha miji 20 kutoka jengo moja.

Kila mjadala wa aina hii hufika Minot, na hauna budi. Usiku wa tarehe 18 Januari 2002, kama saa saba na nusu, treni iliacha reli karibu na mji huo wa North Dakota na kumwaga amonia. Mtu mmoja alikufa, mamia walidhurika. Stesheni zote sita za kibiashara za mji zilikuwa mikononi mwa Clear Channel, na polisi walipopiga simu KCJB, stesheni ya AM iliyoteuliwa kwa dharura, hawakumpata mtu. Kisa hicho kikageuka hirizi ya wapinzani wa makampuni makubwa. Kampuni ilijibu kwamba mtambo wa tahadhari, ambao ungeweza kuingia hewani bila mtangazaji, haukutumiwa na polisi inavyotakiwa. Jibu hilo si la kutupwa. Lakini linathibitisha kinyume cha lilichokusudia: mtambo ukishindikana, kinachobaki ni mtu wa kupokea simu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumlaumu mkubwa. Ila Septemba 2024 kimbunga Helene kilipoivuruga milima ya magharibi ya North Carolina, umeme, maji na mitandao ya simu vikakatika Asheville kwa siku kadhaa. Miongoni mwa sauti zilizobaki ilikuwa WWNC, kilohezi 570 za AM. Watangazaji walipokea simu za watu waliowatafuta ndugu zao, wakataja maji yanapatikana wapi na barabara ipi inapitika. WWNC ni mali ya iHeartMedia, ambayo ni Clear Channel ileile iliyobadili jina mwaka 2014. Kampuni ni moja, teknolojia ni ileile, matokeo mbingu na ardhi. Tofauti ni kwamba Asheville kulikuwa na watu ndani ya jengo.

Kwa mizani hiyo naupima muswada unaozungumzwa sana, ule wa kulazimisha kila gari jipya liwe na redio ya AM bila malipo ya ziada. Uliwasilishwa bungeni mwaka 2023, Ed Markey wa Democratic na Ted Cruz wa Republican wakiwa pamoja, jambo ambalo lenyewe ni la kutazamwa kwa darubini. Kisa chake ni magari ya umeme. Mota zake huvuruga mawimbi ya AM, na watengenezaji kadhaa waliona ni nafuu kuitoa redio kuliko kuikinga. Ford ilitangaza kuiondoa, kisha mwezi Mei mwaka huohuo ikarudi nyuma.

Wanaouunga mkono husema usalama wa taifa uko hatarini, na wakuu saba wa zamani wa FEMA, idara ya maafa, waliliandikia bunge. Wanaoupinga husema tahadhari sasa hufika kwenye simu, na si kazi ya serikali kuamua vifaa vya burudani ndani ya gari. Mfano wa Asheville unaichana hoja ya simu, kwa sababu minara ya simu nayo ilinyamaza. Lakini hoja ya usalama nayo ina tundu ambalo watetezi hawapendi kulichungulia. Uti wa mgongo wa tahadhari za FEMA ni stesheni 77 zilizopewa jenereta na mafuta, ambazo kwa pamoja hufikia takriban asilimia 90 ya Wamarekani. Nyingi ni zile kubwa za masafa marefu. Stesheni ya kilowati moja ya mji wa watu 8,000 haimo katika hesabu hiyo. Inatajwa kwenye hotuba, picha yake inabandikwa kwenye vipeperushi, halafu faida ya sheria inakwenda kwa jirani mwenye kilowati 50.

Mdogo ana fundo jingine kabisa, na Jasper, Alabama, inalionyesha vizuri. Februari 2024 stesheni ya WJLX, kilohezi 1240, ilitangaza kwamba mnara wake wa futi 200 umeibwa. (Habari ya wizi wenyewe ilikuja kuzua maswali; hayo tuwaachie wenyewe.) Kilichonivutia ni kilichofuata. Kama stesheni nyingi za aina yake, WJLX ilikuwa pia na kirushio kidogo cha FM kinachorudia matangazo ya AM. FCC ikakataa kirushio hicho kiendelee hewani wakati AM imezimika. Kisheria FM ile ni kivuli, na kivuli hakisimami bila mwili.

Je, ni haki? Upande mmoja, vibali hivyo vilitolewa kuisaidia AM, si kuwa njia ya uani ya kupata FM bila foleni, na FM imeshajaa. Isitoshe kirushio kina wati 250 kwa wingi wake. Mkulima aliye mbali na mji anaweza kuipata AM na asiipate FM hiyo. Upande wa pili, mwenye stesheni analipia umeme, ardhi ya mnara na nyaya za shaba zilizofukiwa chini yake, zile ambazo wezi huzipenda, ili tu awe na haki ya kusikika mahali pengine. AM kwake imekuwa kodi.

Sonny Payne alianza kuongoza King Biscuit Time mwaka 1951, akaendelea hadi karibu na kifo chake mwaka 2018. Kipindi chenyewe kimepita matangazo 18,000. Sidhani kuna msikilizaji wa Helena aliyemfuata Payne kwa kupenda wimbi la AM.

Kwa hiyo ningepewa kalamu ya kuuandika upya muswada ule, kifungu cha magari ningekiacha kilivyo. Gharama yake kwa gari moja haiwezi kumuua mtengenezaji. Ila ningeongeza kimoja. Stesheni ndogo yenye kirushio cha FM iruhusiwe kuizima AM yake na kubaki na FM, kwa sharti la kuwa na mtu wa zamu ambaye polisi wakimpigia saa saba na nusu usiku atapokea simu na kuingia hewani. Makampuni makubwa yangekipinga kwa ajili ya sharti, na wapenzi wa AM wangekipinga kwa ajili ya ruhusa.